Hadithi za unyakuo: kwa nini wengine wanazipenda na wengine wanazikataa

Nilikuwa darasa la nne. Wiki hiyo walikuja wahubiri na jenereta, wakatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa mpira, wakatuonyesha filamu. Ilikuwa ya Kiingereza, mtu mmoja akitafsiri kwa kipaza sauti. Mengi sikuyaelewa, ila jambo moja lilinikaa. Mwanamke anaamka asubuhi, redio inatangaza kwamba watu wengi wametoweka duniani. Anamwita mume wake. Anaenda bafuni, anakuta mashine ya kunyolea ndevu inanguruma peke yake kwenye sinki. Mume hayupo. Yeye ameachwa.

Siku mbili baadaye nikatoka shule. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Bulwa unaoficha hata mstari wa pili wa chai. Nikafika nyumbani, mlango wazi. Moto unawaka jikoni, mboga inachemka. Nikaita mama. Kimya. Nikamwita bibi. Kimya. Nikakaa kizingitini nikalia, huku nikihesabu dhambi zangu: miwa ya jirani, uongo niliomwambia mwalimu, na sadaka ya shilingi ishirini niliyonunulia kashata. Mama aliponikuta alikuwa ametoka kuomba chumvi nyumba ya pili. "Wee, una nini? Nani amekupiga?" Sikuweza kumjibu.

Kisa hiki si changu peke yangu. Kaa na watu waliokulia makanisani, iwe Lushoto, Nairobi au huko Marekani, utasikia kisa kinachofanana nacho: mtoto amerudi nyumbani, hakuna mtu, na akaamini kwamba Yesu amekuja akamwacha. Ndiyo maana tumeamua kuandika juu ya hadithi hizi. Zimezunguka dunia nzima kwa zaidi ya miaka hamsini, zimewapa watu imani na zimewanyima watu usingizi, na leo zinaingia kwenye simu zetu bila kubisha hodi.

Zilitoka wapi?

Filamu ile, nilikuja kujua ukubwani, inaitwa A Thief in the Night. Ilitengenezwa Marekani, jimbo la Iowa, mwaka 1972, kwa fedha kidogo. Haikutegemea majumba ya sinema. Ilizungushwa makanisani, mashuleni na kwenye mikutano ya vijana, na wahubiri wakaibeba hadi nchi za mbali. Ikafuatwa na nyingine tatu, ya mwisho mwaka 1983. Katika hizo, watu wanaokataa kupigwa alama ya mnyama hukatwa vichwa kwa mashine. Ni filamu walizoonyeshwa hata watoto.

Miaka miwili kabla ya filamu hiyo, mwaka 1970, Mmarekani Hal Lindsey alitoa kitabu The Late Great Planet Earth. Hiki si riwaya. Ni kitabu kinachochukua unabii wa Biblia na kuubandika juu ya habari za magazeti ya wakati ule: Urusi, China, umoja wa nchi za Ulaya, na taifa la Israeli lililoundwa mwaka 1948. Lindsey aliandika kwamba kizazi kilichoona kuzaliwa kwa Israeli ndicho kitakachoona mwisho, na kwamba kizazi ni kama miaka arobaini. Wasomaji wakapiga hesabu wenyewe wakapata 1988. Mwaka 1988 ukaja ukapita, na kitabu kikaendelea kuuzwa.

Kisha ukaja mzigo mkubwa kuliko yote. Mwaka 1995, mchungaji Tim LaHaye na mwandishi Jerry B. Jenkins walitoa riwaya iitwayo Left Behind, yaani walioachwa nyuma. Rubani Rayford Steele yuko angani usiku akielekea London. Ghafla abiria wengi hawapo, nguo zao zimebaki kwenye viti. Chini, magari yasiyo na madereva yanagongana. Mke wa rubani na mwanawe mdogo wametoweka, binti yake mkubwa amebaki. Wakati dunia imechanganyikiwa, anatokea mwanasiasa kutoka Romania, mzuri wa sura na mtamu wa maneno, Nicolae Carpathia. Anapanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Huyo ndiye Mpinga Kristo.

Vitabu vikafika 16, cha mwisho mwaka 2007, na nakala zaidi ya milioni 60 zikauzwa. Kukawa na matoleo ya watoto, michezo ya kompyuta, na filamu kadhaa. Ya kwanza ilitoka mwaka 2000. Ile ya 2014 aliigiza Nicolas Cage, na vipande vya filamu za aina hii ndivyo vinavyozunguka mara kwa mara kwenye makundi ya WhatsApp, mara nyingine vikiwa na sauti ya mhubiri iliyopachikwa juu yake.

Andiko ni lipi, na mpangilio ni upi?

Hapa naomba twende polepole, maana ugomvi wote umelala hapa.

Katika barua ya kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, mtume Paulo anawafariji watu waliofiwa. Anawaambia kwamba Bwana atakaposhuka, wafu walio wake watafufuka, na walio hai watachukuliwa pamoja nao mawinguni kumlaki. Neno letu "unyakuo" limetoka hapo. Karibu Wakristo wote wanalikubali andiko hilo. Hakuna kanisa kubwa huku milimani linalofundisha kwamba Yesu harudi.

Wanachobishania ni mpangilio. Riwaya hizi zinasema Yesu atakuja kwanza kwa siri kuwachukua walio wake, kisha itafuata miaka saba ya Dhiki Kuu chini ya Mpinga Kristo, kisha Yesu atarudi mara nyingine mbele ya watu wote. Mpangilio huo wa hatua mbili ulienezwa kuanzia miaka ya 1830 na mhubiri John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi huko Ireland kabla ya kuacha kanisa lake na kujiunga na kundi la Plymouth Brethren. Ile miaka saba imetolewa kwenye kitabu cha Danieli, sura ya 9, penye maneno juu ya "juma" moja. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield alichapisha Biblia yenye maelezo yake chini ya ukurasa, na maelezo hayo yalifuata njia ya Darby. Fikiria msomaji wa kawaida: jicho linashuka kutoka mstari wa Biblia hadi maelezo ya mtu, kwenye ukurasa uleule, na baada ya miaka michache hakumbuki lipi alilisoma juu na lipi chini.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: jina Mpinga Kristo halimo kabisa katika kitabu cha Ufunuo. Limo katika barua za Yohana tu, na hapo Yohana anasema wapo wengi na wamekwisha kuja. Ufunuo unaye mnyama, na mnyama ana namba, 666. Wataalamu wengi wa Biblia wanaona namba hiyo ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania, na nakala chache za kale zina 616 badala ya 666. Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa makanisa saba ya sehemu ambayo leo ni Uturuki, watu waliokuwa wakiishi chini ya dola ya Rumi. Wao walijua mnyama ni nani bila kuuliza.

Kwa hiyo riwaya hizi zina andiko ndani yake, zina tafsiri ya andiko iliyoenezwa na watu wa karne ya 19, na zina mambo aliyoyabuni mwandishi akiwa mezani kwake. Rubani Steele ni wa kubuni. Carpathia ni wa kubuni. Hata waandishi wenyewe wanasema hivyo.

Wanaozipenda wanasema nini?

Wasomaji wa riwaya hizi si wajinga, na ni kosa kuwacheka. Sababu ya kwanza wanayoitaja ni rahisi: zinasomeka. Mtu aliyejaribu kusoma Ufunuo akaishia kwenye mihuri na tarumbeta, anapata hapa watu wenye majina, hofu na familia. Anataka kujua kama binti atampata baba yake. Sura inakatika mahali pabaya, na wewe unawasha tena taa.

Ya pili ni kwamba zinaamsha. LaHaye na Jenkins walisema mara nyingi kwamba walipokea barua za watu waliompokea Kristo baada ya kusoma. Na hata hapa kwetu wapo watu wazima, leo ni wazee wa kanisa, ambao safari yao ilianza usiku wa filamu kwenye shuka jeupe. Walipiga magoti kwa hofu, ni kweli, lakini wanasema hofu ile iliwapeleka mahali ambapo hawajajuta.

Ya tatu haisemwi sana, nami naiona ni ya nguvu kuliko mbili za kwanza. Hadithi hizi zinamwambia mtu asiye na kitu kwamba wakubwa wa dunia wana mwisho. Mchuma chai ambaye bei ya kilo hapangi yeye, mkulima wa kabichi au iliki anayesubiri dalali barabarani, anasikia habari kwamba kuna siku mizani itashikwa na mtu mwingine. Kitabu cha Ufunuo chenyewe kiliandikwa kwa watu wa namna hiyo.

Huku kwetu kuna na jambo la zamani zaidi. Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili juu ya nchi: kubana shi, kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mvua ilipokataa, watu hawakuuliza hali ya hewa ikoje. Waliuliza ni nani anaibana nchi. Mtu aliyerithi swali hilo anaposikia hadithi ya mtu mmoja mwenye nguvu anayeiharibu dunia yote, haoni kitu kigeni. Na jirani yake Mwislamu anamjua Dajali, anajua kwamba Nabii Isa atashuka, na watunzi wa tenzi wa mwambao wetu walitunga habari za kiyama kabla ya Left Behind kufikiriwa. Hadithi za mwisho zilikuwapo huku. Iliyokuja kwa jenereta ni ya aina moja tu.

Na wanaozikataa?

Nao wana sababu, na si wote wasioamini. Wengi wa wakosoaji wakali ni Wakristo.

Wapo wanaosema ni riwaya dhaifu tu. Watu wazuri ni wazuri mno, wabaya wanatangazwa kwa mbali, na mazungumzo mengi ni mahubiri yaliyovalishwa alama za kunukuu. Nimesoma kitabu cha kwanza chote, na hapo nakubaliana nao: mwanzo wa ndani ya ndege ni mzuri sana, halafu watu wanaanza kupigiana simu, na wanapigiana simu hadi mwisho.

Wapo wanaolalamikia siasa yake. Katika riwaya hizi, anayezungumza habari za amani na mataifa kushirikiana ndiye wa kuogopwa, na makao ya ubaya ni Umoja wa Mataifa. Kwa msomaji wa Marekani labda hilo ni jambo la mbali. Kwa Mtanzania, Umoja wa Mataifa ni magunia ya chakula kambini Nyarugusu kule Kigoma, ni chanjo za watoto, na kwa miaka mitano kuanzia 2007 naibu wa Katibu Mkuu alikuwa mama yetu Asha-Rose Migiro. Haina maana kwamba chombo hicho hakikosei. Lakini ukimfundisha kijana kwamba kila mpatanishi huenda ni Mpinga Kristo, siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba atamsikiliza nani?

Maaskofu wa Katoliki wa jimbo la Illinois walitoa tamko mwaka 2003 kwamba vitabu hivi vinalipaka matope kanisa lao. Mwaka uliofuata, profesa Barbara Rossing, Mlutheri aliyekuwa akifundisha Agano Jipya Chicago, akatoa kitabu kizima cha kupinga fundisho hili. Hoja yake kubwa ni kwamba Ufunuo unaishia na mji wa Mungu kushuka duniani, wala si watu kuikimbia dunia. Mwaka huohuo Hank Hanegraaff na Sigmund Brouwer walitoa riwaya ya kushindana nayo, The Last Disciple, inayoyaweka mateso yale katika siku za Kaisari Nero. Ilichapishwa na kampuni ileile iliyochapisha Left Behind, na LaHaye hakufurahi hata kidogo.

Hoja ninayoiona nzito zaidi kwetu ni ya mahali pa kusimama. Katika riwaya hizi dhiki inaanza siku ndege zinapoanguka na benki kufungwa. Yaani inaanza siku Mmarekani wa kawaida anapopoteza starehe yake. Lakini mama wa Kivu ya Kaskazini aliyehama mara nne na watoto mgongoni, au mtu aliyepita Rwanda mwaka 1994, umwambie dhiki bado haijafika? Na umwambie kwamba waumini wa kweli watatolewa kabla haijaanza? Kundi kubwa la waumini wa Afrika Mashariki limeishi dhiki likiwa ndani yake, halikunyakuliwa, na halikuacha kuomba.

Kisha kuna shamba. Mche wa chai ukitunzwa unachumwa kwa miaka mingi kuliko umri wa aliyeupanda. Mkabela unaopandwa mpakani leo utakatwa mbao na mtoto. Mtu akiamini kwa dhati kwamba hakuna miaka kumi mbele, kwa nini apande? Waislamu wana mafundisho ya Mtume kwamba hata kiyama kikikukuta na mche mkononi, uupande kama unaweza. Nimesikia mchungaji mmoja wa Kilutheri akiyataja mimbarini, na hakuna aliyenung'unika.

Makanisa ya milimani yanasimama wapi?

Huenda umekaa benchi moja na mtu mkidhani mnaamini jambo moja, kumbe sivyo.

Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891, wamisionari Wajerumani wa Betheli. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri wanalishika, katika kifungu cha 17 linasema Kristo atarudi kuhukumu, na linakataa fundisho kwamba watakatifu watatawala ufalme wa kidunia kabla ya ufufuo. Kwa hiyo mpangilio wa miaka saba na unyakuo wa siri haumo katika mafundisho yao, wala ya Waanglikana ambao misheni yao ya Magila, karibu na Muheza, ilianza nao katika karne ya 19. Wakatoliki pia hawaufundishi. Wao wanasema kanisa litapita katika jaribu la mwisho, halitakwepeshwa.

Waadventista, walioanza kazi Upare mwaka 1903, wanahubiri sana habari za mwisho, na ndiyo maana watu hudhani wanakubaliana na filamu hizi. Hawakubaliani. Wanafundisha kwamba kila jicho litamwona Yesu akija, hakuna siri. Chimbuko lao lina kumbukumbu chungu ya tarehe: 22 Oktoba 1844, siku ambayo maelfu ya wafuasi wa William Miller huko Marekani walisubiri, na jua likachomoza kesho yake kama kawaida.

Unyakuo kabla ya Dhiki unafundishwa zaidi na makanisa ya Kipentekoste, ingawa hata huko wapo wachungaji wanaohubiri Kristo bila kupanga ratiba. Lakini filamu haiulizi wewe ni wa dhehebu gani. Mtoto wa Kilutheri anaiona Jumamosi kwa rafiki yake, na Jumapili haisikii ikitajwa kanisani, si kwa kukubaliwa wala kwa kukataliwa. Anabaki nayo peke yake, kama nilivyobaki nayo mimi. Hapo nawalaumu wachungaji wetu kidogo. Wanajua tofauti hizi, walizisoma chuoni, ila hawazisemi.

Jalada linapong'oka

Riwaya ikiwa na jalada lake haina hatari kubwa. Imeandikwa jina la mwandishi, imeandikwa kwamba ni riwaya. Tatizo linaanza jalada linapong'oka. Kipande cha dakika mbili cha ndege yenye viti vitupu kinafika kwenye simu bila jina la filamu, kimeandikwa juu yake "IMETOKEA". Sauti ya mtu asiyejitambulisha inaeleza kwamba namba fulani ndiyo chapa ya mnyama. Na Kiswahili chetu chenyewe kinachangia: neno "hadithi" kwa mmoja ni kitu cha kubuni, na kwa jirani yake Mwislamu ni maneno ya Mtume.

Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kabla ya tarehe ya mwisho ya 20 Januari 2020, nilimsikia mama mmoja mnadani akiuliza kwa sauti ya chini kama kidole kile ndicho chapa. Hakuwa anafanya mzaha. Chanjo ya UVIKO-19 ilipofika nchini mwaka 2021, maneno yaliyozunguka kwenye simu juu ya kifaa kidogo ndani ya sindano yalikuwa yameiva siku nyingi, kwa sababu mfano wake watu walikuwa wameshauona kwenye filamu.

Tarehe nazo hazikomi. Mwenzetu wa redio, Harold Camping wa Marekani, alitangaza unyakuo wa 21 Mei 2011 kwa mabango na matangazo katika nchi nyingi. Haukutokea, akasogeza hadi Oktoba, haukutokea, na mwaka 2012 akakiri kwamba alikosea. Septemba 2025 ilikuwa zamu ya Joshua Mhlakela wa Afrika Kusini, aliyetaja tarehe 23 na 24. Maneno yake yalienea TikTok kwa siku chache kuliko kitabu chochote kilivyowahi kuenea, na wapo walioripotiwa kuuza magari yao.

Afrika Mashariki imelipa zaidi ya magari. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada, na miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Polisi walihesabu waliokufa zaidi ya 700. Walikuwa wameambiwa dunia inaisha pamoja na mwaka 1999. Wengi walikuwa wameuza mali zao. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu kabla ya mwisho. Mhubiri Paul Mackenzie, ambaye aliwahi kuhubiri kwamba Huduma Namba ya Kenya ni chapa ya mnyama, alishtakiwa na akakana mashtaka.

Nitakuwa muongo nikisema riwaya ndizo zilizowaua watu hao. Hakuna ushahidi wa hilo, na mamilioni wamesoma Left Behind wakaamka kesho wakaenda kazini. Ninachosema ni kwamba katika sehemu zote mbili watu walipewa hofu na tarehe, na hawakuwa na mtu wa pembeni wa kumuuliza.

Kwa hiyo kipande kikifika kwenye simu yako, tafuta kwanza jalada lake. Ni filamu gani, ya mwaka gani, nani ameigiza? Ikiwa ni mahubiri, mhubiri ni nani, na kanisa lake liko wapi? Kama anataja mstari, ufungue na usome sura nzima, si mstari huo peke yake. Kama anataja tarehe, au anakutaka uuze kitu, uache dawa, au usiwaambie ndugu zako, nenda kwa ndugu zako siku hiyohiyo. Na kwa wazazi: filamu hizi si za watoto wa darasa la nne. Ikiwa mtoto ameshaiona, usimcheke na usimkemee. Kaa naye mpaka aseme ni kitu gani hasa kilichomtisha.

Mama yangu sasa ana simu ya kugusa na yumo kwenye makundi matatu ya kwaya. Mwezi uliopita alinipigia saa mbili usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimetumiwa kitu hapa. Ndege, watu hawamo, nguo zimebaki kwenye viti. Hii ni habari au ni filamu?"

Nikamwambia ni filamu ya mwaka 2014, na rubani ni Nicolas Cage, mwigizaji wa Kimarekani. Akanyamaza kidogo.

"Na yule binti anayehangaika kule chini?"

"Ni mwanawe. Huyo rubani ni baba yake."

"Mbona wamekata katikati? Anatua au hatui?"

Nikamweleza kwamba binti anapata barabara iliyokuwa bado inajengwa, anaondoa vitu vilivyoziba njia na kuwasha moto ili baba aone pa kutua, na ndege inatua.

"Eeh," akasema. "Basi nitafutie nzima. Ukija Pasaka uje nayo."